Frigo Iliyosimama kwa Kichwa

Tasnifu yangu ya lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, kule Lubumbashi, ilihusu mwelekeo wa soko la dunia la vifaa vya kupozea vya biashara: makabati ya vioo ya madukani, vyumba vya baridi vya wauza nyama, na yale masanduku marefu ya kugandishia ambayo sisi tunayaita kongelatere. Mada hiyo sikuichagua. Profesa alikuwa na rundo la majarida ya zamani ya wafanyabiashara wa Ulaya, akatafuta mtu wa kuyasoma, na mimi ni mtu ambaye hawezi kumwambia profesa hapana. Nilisoma mpaka nikaanza kuota kompresa. Nilijifunza kwamba viwanda vilikuwa vinaiacha gesi ya zamani kwa sababu inatoboa anga, na kwamba mashine zilizokataliwa kule zilikuwa zinapakiwa melini kuja huku kwetu. Tangu siku hiyo, kila nilipofungua frigo ya mtu niliinua macho juu kidogo, nikatazama kama mbingu bado ipo.

Siku ya kuitetea tasnifu, mmoja wa wasahihishaji aliniuliza kama kwetu kuna frigo. Nikajibu kwamba ipo moja, inafanya kazi kwa moto. Chumba kizima kilicheka. Mimi sikuwa natania.

Frigo yetu ilikuwa nyeupe, yenye miguu minne mifupi kama ya kiboko, na chini yake kulikuwa na tangi la mafuta ya taa, ambayo kwetu Kamina tunayaita petroli, pamoja na utambi na kioo. Unawasha moto chini, na juu kunakuwa na baridi. Kwa nini moto ulete baridi, hilo ningeweza kulieleza kwa kurasa kumi na mbili, lakini Mama alilieleza kwa maneno mawili: "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo. Alirithi frigo hiyo kwa baba yake, aliyekuwa mpishi wa wamisionari, na pamoja nayo alirithi sheria moja: moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, kuna kitu kibaya. Kila asubuhi, kabla ya sala, Mama aliinama na kuchungulia chini ya frigo. Akiinuka akisema, "Moto iko ya bluu," nyumba yote ilijua kwamba siku imeanza salama.

Nilirudi Kamina na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki. Kazi haikuwepo. Wageni walionyeshwa frigo kwanza, kisha diploma.

Hapa lazima nieleze jambo la baridi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikonda. Sisi ni watu wa kanisa, na mtaani kwetu bia haiingii kwenye karamu ya arusi. Sasa, mgeni uliyemnyima bia ni lazima umpe kitu cha kumsahaulisha, na kitu hicho ni sukre, yaani soda, ya baridi kali. Chupa ya kwanza hupewa mama mkubwa wa upande wa bwana arusi. Yeye hainywi kwanza. Huiweka shavuni, mbele ya watu wote. Baridi ikimuuma akalia "Aii!", wanawake hupiga vigelegele na chakula huletwa. Asipolia, watu hula pia, ila kimyakimya, na jina la familia hiyo linabadilika. Kulikuwa na nyumba nyuma ya stesheni ambayo watoto wake walizaliwa, wakakua, wakaoa, na bado waliitwa "bale ba sukre ya moto", wale wa soda ya moto.

Dada yangu mkubwa, ambaye kama ilivyo kwetu nilimwita yaya, alikuwa ameposwa na fundi wa redio wa jeshi, kijana wa base, yaani kambi ya jeshi. Base ya Kamina ni mji mwingine kabisa, wenye uwanja wa ndege, wanajeshi kutoka kila pembe ya nchi, na wake zao wanaouza kila kitu. Kijana huyo alilelewa na shangazi yake, mke wa ajida wa jeshi, mwanamke mnene mcheshi kutoka jimbo la Ekweta, ambaye Kiswahili chake kilitembea mkono kwa mkono na Kilingala. Sote alituita bokilo, neno lao la mkwe, hata paka wetu.

Siku alipokuja kutusalimia, aliiangalia frigo yetu kwa namna ambayo nilitumaini angemwangalia yaya.

"Bokilo," alimwambia Mama, "minyi niko na kongelatere ya umeme. Mupya. Inagandisha hata mawazo ya muntu. Munipe hii muzee yenu, minyi nibape ile."

Mama alikunja kitambaa chake magotini. "Asanti, mama. Lakini kwetu bakwe habapashwe kubadirishana bitu mbele ya arusi. Kikiharibika, nani atasema?"

Hapo ndipo lisansi yangu ilipozinduka. Nilisimama. Nilieleza kwamba teknolojia ya moto ilikuwa imekufa duniani kote, na kwamba mwelekeo ulikuwa wa kompresa. Nilieleza kwamba nafasi kama hii huja mara moja katika kizazi. Nilitaja anga.

"Dunia nzima iko na umeme ya kila siku?" Mama aliuliza.

Baba, ambaye alikuwa karani wa shule na aliheshimu karatasi yoyote yenye muhuri, alikohoa. "Tulimutuma kusoma juu ya nini, kama hatumusikilize?"

Shangazi wa base alinitazama kwa tabasamu pana. "Mutoto yenu iko na akili mingi, bokilo. Mingi sana."

Mama alikubali, nami nikalala nikiwa na furaha. Ingenifaa kujiuliza kwa nini mwanamke anayeuza samaki na sukre kila siku anaikimbilia mashine ambayo dunia nzima inaiacha.

Kamyo ya base, lori la jeshi, ilileta kongelatere siku ambayo Mama alikuwa kwenye mkutano wa wamama wa kanisa. Wanajeshi wanne waliishusha, kisha wakaibeba frigo yetu na kuniuliza kama bosi wao, "Sefu, tunaisimamisha?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Mimi nilifikiria barabara ya base, na mashimo yake, na kitovu cha uzito. Niliiona frigo ikiyumba, ikimwangukia mwanajeshi, na mwanajeshi akifa, na arusi ikivunjika kwa msiba. "Hapana," nikasema. "Muilalishe." Wakailaza chali kwenye magunia, nami nikaifunika kanga kama mgonjwa.

Kwa siku kumi na moja tulikuwa matajiri wa baridi. Mama aligandisha maji, kisha maharage, kisha, kwa kujaribu tu, kitambaa chake. Majirani walikuja kugusa. Halafu vita vya pili vya Kongo vikaanza. Redio ilianza kutaja miji ya mashariki, kisha miji iliyo karibu zaidi. Treni zikapungua mpaka reli ikaota majani, na mafuta ya mashine ya umeme ya mji wetu yakachukuliwa na watu wenye haja nayo zaidi. Taa zilizimika jioni moja na hazikurudi. Kongelatere ilitoa maji siku mbili, kisha ikanyamaza.

Mama hakunilaumu. Aliikausha kwa kitambaa, akamimina ndani yake unga wa mahindi wa mwezi mzima, akafunga kifuniko. "Panya habatafika," alisema. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Kisha ikaja habari kutoka base kwamba kikosi cha shemeji kingepelekwa mbele wakati wowote. Arusi haingeweza kungoja hata mwezi. Mchungaji aliombwa, akakubali, na siku ikawa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Yaya alikuja kunitafuta nyuma ya nyumba nilikokuwa nimejificha na daftari.

"Weye, muntu ya lisansi," alisema. "Soko ya dunia inasema nini juu ya arusi yangu?"

"Ninafikiri, yaya."

"Unafikiri kutoka ukiwa na miaka tatu. Minyi nitaolewa Jumamosi. Nitaitwa bibi ya sukre ya moto mpaka ku kaburi? Na bwana yangu ataenda ku vita bakimucheka?" Alicheka kidogo ili asilie. Hapo nikafunga daftari.

Kulikuwa na njia moja, nayo ilikuwa kuazima frigo yetu wenyewe. Mama hakuweza kwenda, kwa sababu mama wa bibi arusi haingii nyumba ya wakwe kabla ya arusi. Nilichukua baisikeli ya Baba na kupedali asubuhi nzima hadi base, nikirudiarudia hotuba yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho.

Shangazi alinipokea kwa vifijo. Aliniketisha ukumbini, na pale, kwenye kona, ilikuwa frigo yetu imesimama, imepanguswa, ina kitambaa cha kufuma kichwani. Aliifungua, akatoa chupa ya sukre, akaifungua mbele yangu.

"Kunywa, bokilo. Kutoka mu frigo yenu."

Nilikunywa. Ilikuwa na joto la mchuzi.

Sasa fikirini nafasi yangu. Kumwambia mkwe kwamba kinywaji chake ni cha moto, siku tano kabla ya arusi, ni sawa na kumwambia kwamba nyumba yake inanuka. Nikameza.

"Iko baridi sana, mama," nikasema.

Alizungusha kizibo mezani. "Baridi sana, eh?"

"Ata meno inauma."

"Hm." Alikaa. "Na kongelatere yangu? Inafanya muzuri?"

"Inagandisha sana."

"Inagandisha nini?"

"Kila kitu," nikasema, nikiuona unga wa Mama ndani yake.

"Umeme ya mu mji ikizimika pia inagandisha?"

"Ni ya mutindo ya kisasa," nikajibu, na jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

Tuliketi hivyo, mimi na yeye, kila mmoja akiisifu mashine mfu ya mwenzake. Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Kabla ya kuondoka nilijifanya nimeangusha ufunguo wa baisikeli, nikainama na kuchungulia chini ya frigo. Moto ulikuwepo. Ulikuwa wa bluu safi kabisa. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa baridi.

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Huenda gesi imevuja. Huenda alidhani tumempa maiti kwa makusudi, na kimya chake kilikuwa hasira anayoitunza mpaka Jumamosi, ashike chupa shavuni mbele ya kanisa zima na asilie. Nilipofika kwa Mama nilikuwa nimeshavunja arusi mara nne kichwani mwangu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ku kamyo, ilisimama ao ililala?"

Nilianza kueleza kitovu cha uzito.

"Ililala ao ilisimama?"

"Ililala, Mama."

Alifumba macho, akatikisa kichwa, na nikaona anajizuia kucheka. "Baba yangu alikuwa anasema, frigo ya moto ni kama muzee. Ukiilalisha vibaya, damu yake inapotea njia. Unaisimamisha ku kichwa, siku moja, usiku moja. Damu inarudi. Kisha unaigeuza, unawasha."

"Kwa kichwa?"

"Ku kichwa."

Katika tasnifu yangu yote, kurasa zaidi ya mia, hakuna mahali palipoandikwa kwamba kifaa cha kupozea kinasimamishwa kwa kichwa. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama tasnifu ilikuwa na baridi.

Lakini shida haikuwa hiyo. Ningemwambiaje shangazi kwamba frigo yake imekufa, wakati nimetoka kuapa kwamba inauma meno? Angeaibika yeye, ningeaibika mimi, na aibu hiyo ingekaa kati ya familia mbili maisha yote. Mama alichambua mchele kwa muda. Kisha akaniambia la kusema, na akalirudia mara mbili ili nisiongeze maneno yangu.

Kesho yake nilikuwa tena ukumbini kwa shangazi.

"Mama anabasalimia," nikasema. "Anasema ile frigo ni ya baba yake. Kwetu kuko desturi. Mutoto mwanamuke akiolewa, frigo ya babu inarudi ku nyumba, inakuya kumwambia kwaheri. Na inakuya ikisimama ku kichwa, juu ya heshima."

Desturi hiyo ilikuwa na umri wa saa kumi na nane.

Shangazi aligeuka, akaitazama frigo, akanitazama mimi. Kitu fulani kilipita usoni mwake, na ningeapa kilikuwa ahueni.

"Juu ya heshima," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Na kisha desturi, inakuwaka ya baridi zaidi?"

"Kidogo," nikasema. "Watu banasemaka hivyo."

Aligonga mapaja kwa viganja na kusimama. "Kila kabila na desturi yake. Nani minyi nikatae heshima?" Akatoka uani kuita wanajeshi.

Hivyo ndivyo frigo yetu ilivyoingia Kamina siku hiyo: juu ya kamyo ya jeshi, kichwa chini, miguu yake minne mifupi angani, wanajeshi watatu wakiikumbatia na mimi wa nne, nikiangalia kama haiinami. Baisikeli ya Baba ilikuwa imefungwa nyuma. Tulipita stesheni, tulipita soko. Watu walikuwa wamezoea kuona kamyo zikibeba wanajeshi na wakimbizi na magodoro, lakini kwa hii walisimama.

"Ile frigo ilifanya nini?" mwanamke mmoja muuza mihogo alipaaza sauti. "Banaiazibu?"

"Inaenda ku arusi!" mwanajeshi alijibu.

"Basi muivalishe nguo!" mwingine akapokea, na soko lote likacheka. Sikumbuki kicheko kingine cha pamoja katika wiki zile.

Ilisimama kwa kichwa ukumbini kwetu siku moja na usiku mmoja. Asubuhi Baba alisali, akaitaja, nadhani kwa makosa, baada ya wagonjwa. Tukaigeuza. Ndani yake kitu kilicheka glu-glu-glu kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mama akawasha utambi, akainama, akasema moto ni wa bluu, akatufukuza.

Niliweka kidole ndani kila baada ya muda mfupi mpaka yaya akanishika sikio. "Acha ipumue! Unaipa joto na vidole yako." Saa sita ilikuwa vuguvugu. Saa tisa bado. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuomba radhi kwa familia mbili nilipomsikia Mama akiniita. Alikuwa ameushika mkono wa yaya na kuusukuma ndani ya frigo, hadi kwenye bamba la chuma la juu.

Yaya akalia "Aii!" Kisha akaketi sakafuni na kulia kweli, akicheka.

Frigo moja ndogo haitoshi karamu nzima. Hapo, kwa unyonge, niruhusiwe kudai mchango mmoja. Tuliutoa unga kwenye kongelatere, na siku zilizobaki tuligandisha maji ndani ya frigo kwenye mikebe ya siagi, tukapanga barafu kwenye kongelatere katikati ya chupa, tukazifunika magunia yaliyolowa. Lile sanduku la umeme lisilo na umeme lilishika baridi kama mtu mchoyo. Majarida ya Ulaya hayakuwahi kusema kwamba mashine mbili zilizoshindwa zinaweza kufanya moja nzima.

Jumamosi, baada ya kanisa, shangazi aliketi mbele kwa kitenge kipya, na Mama mwenyewe akampelekea chupa ya kwanza. Nilisimama nyuma kabisa, nikihesabu njia za kutokea.

Shangazi aliishika chupa. Hakuiweka shavuni. Aliangaza macho mpaka akaniona, akaniita kwa kidole.

"Bokilo ya lisansi. Kuya hapa."

Nilikwenda kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno.

"Siku ile kwangu," alisema kwa sauti ya chini ambayo mimi na Mama tu tulisikia, "ulikunywa muchuzi ya moto, ukaniambia ni baridi. Minyi nikajisemea: huyu mutoto ni muongo, ao iko na heshima mingi. Sasa tuone." Na akanibandika chupa shavuni.

Nililia. Sikulia "Aii" ya kiume, nililia kama mwanambuzi. Watu walipasuka kwa kicheko, vigelegele vikapanda, na ndipo shangazi akaiweka chupa shavuni mwake, akalia pia, akamkumbatia Mama.

Baadaye, wakati wa chakula, nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini aliitaka frigo ya moto. Alilamba vidole.

"Weye ulisoma soko ya dunia. Minyi nilisoma mapipa. Petroli ya ndege ilianza kukuya ku base mingi sana, na mazuti ya mashine ya umeme ya mji hakuna. Nikajua vita inakuya, na umeme itakufa." Akaongeza, "Lakini kusoma kwako pia ni muzuri. Bila weye, mama yako hangekubali."

Frigo ilirudi base pamoja na yaya, ikiwa imesimama wima, mimi mwenyewe nikiikumbatia. Wiki iliyofuata shemeji alipelekwa mbele. Yaya alibaki na frigo, na kila kamyo iliyokuja mjini ilileta kikaratasi chake kwa Mama, chenye mstari mmoja tu: "Moto iko ya bluu." Mama alikisoma, akashusha pumzi, akaendelea na kazi. Mimi nilikaa nikiwaza kila maana ambayo mstari ule ungeweza kuwa nayo.

Mwaka ulipogeuka, kikaja kikaratasi kirefu zaidi: "Moto iko ya bluu. Bwana amerudi. Iko mwembamba, lakini analalamika eti sukre inamuuma meno."

Mama alikisoma mara mbili. Kisha akafungua kongelatere, akakiweka juu ya unga, mahali ambapo panya hawafiki.